Nani Arithi Programu ya Nyegezi

Alexander, kaa hapa, na wewe Precious ukae upande huu huu wa kaka yako, msinipe kazi ya kugeuza shingo. Nisikilizeni wanangu wakati sauti bado ipo, maana kichwa changu kimevurugika na sidhani kama kitatulia tena.

Ng'ombe hawanisumbui. Wa Kisesa ni wa Alexander, wa Sengerema ni wa Precious, na nyumba ya mama yenu asiiguse mtu. Kinachonichanganya ni ofisi yetu ya Nyegezi ya kutengeneza tovuti, na ile programu mliyoiunda wenyewe, ambayo wateja wetu huitumia kuandika blogu za biashara zao. Alexander aliijenga. Precious akaiwekea mawaidha, mteja akifungua tu anaulizwa: leo wanunuzi wamekuuliza nini? Bei umeandika? Mbona umeanza kwa kujisifu? Sasa kaka anataka kuhamia nayo Dar, na dada anasema bila maneno yake hilo ni debe tupu. Nimeshindwa kujua mwenye haki ni nani, na inaniuma.

Mwezi uliopita nikafanya kama wazee wetu Wasukuma wanavyofanya na mifugo: nikagawa. Programu kwa huyu, mawaidha kwa yule, kila mtu na zizi lake. Kumbe nimemtenga ndama na mama yake. Mteja wetu Selina, muuza vyakula vya kuku, akanipigia: "Shikamoo mzee. Yule aliyekuwa ananiuliza maswali kaenda wapi? Siku hizi nafungua, natazama, nafunga." Nikamwambia yupo, anakuja. Ningemwambia nini tena?

Nikakuuliza wewe Alexander, basi kila mmoja achukue nusu? Ukanijibu, baba, hii unaweza kumpa kila mtu nzima, na nzima nyingine ikabaki. Nimelala na neno hilo na bado halinielei. Ng'ombe gani huyo, unampa mtoto huyu, unampa na yule, na zizini bado yumo? Na kama kila mmoja anaweza kuwa nayo yote, mnagombea nini, wanangu? Husemwa ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, lakini mimi baba yenu, nilivyo hivi, jembe nitalishikia wapi?

Kwa hiyo ule mgawo naufuta. Ofisi isifungwe wala isihamishwe. Programu na mawaidha virudi pamoja, kwa majina yenu yote mawili, na atakayetaka kuondoka aondoke mikono mitupu. Sijui kama hiyo ni haki. Huenda nimekosea tena, Precious, usinitazame hivyo, ila nafasi ya kukosea mara nyingine sina.

Kompyuta hiyo hapo miguuni pangu. Virudisheni pamoja humo sasa hivi, nikiwa nasikia. Mungu awape riziki isiyo na kinyongo, awape watoto watakaowazika, na mzungumze... mzungumze hata mkiwa mmekasirika. Nipeni maji. Basi, yanatosha.

Macho yameshaniacha. Nasikia mtu anabonyeza... Ni wewe, Alexander? Au ni wewe, Precious? Msinijibu. Endeleeni.