Bwana Dakika na Pikipiki ya Dada Yake

Wasikilizaji wapendwa, wiki hii tumempoteza fundi saa. Wengi mlimwita Bwana Dakika. Amefariki kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka sitini na mmoja. Alikuwa fundi saa, naam, lakini leo sizungumzii saa. Nazungumzia wivu. Familia yenyewe imeniomba nisimpake rangi.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, mshonaji wa mapazia. Miaka ishirini iliyopita, dada huyo alianza mbio za vipikipiki, vile vinavyokufika gotini tu; ukipanda, magoti yanatafuta masikio. Watu walicheka. Kisha akashinda. Kicheko kikageuka makofi.

Bwana Dakika roho ikamuuma. Mteja analeta saa, anauliza, "Wewe si ndiye kaka yake yule bingwa?" Yeye, kifungua mimba, aliyemfundisha dada huyo baiskeli! Naye akanunua kipikipiki. Siku ya kwanza alizungusha mkono wa mafuta kwa pupa, kikamtupa pembeni. Siku ya pili akashika breki katikati ya kona, akaanguka tena.

"Kaka, breki ni kabla ya kona," dada akamwambia. "Ukishaingia, tulia."

Ushauri ulikuwa mzuri. Ulimchoma kama pilipili kwenye kidonda.

Basi, asubuhi ya mashindano, dada alipokwenda kuvaa kofia, kaka akatoa bisibisi yake ya saa. Akalegeza waya wa breki ya mbele. Alinuia dada ashindwe tu. Akajidanganya kwamba hataumia.

Vipikipiki vikapangwa mstarini. Dada akageuka, akampungia mkono. Hapo, wasikilizaji, fundi saa akachomoka mbio.

"Nilimwona anakimbia katikati ya njia," dada ameniambia. "Analia, anapiga kelele, 'Shuka! Nimeharibu breki yako!' Mbele ya watu wote."

Waamuzi wakamfungia mwaka mzima. Dada hakumsemesha miezi minne. Kwa mama yao, mmoja alikula sebuleni, mwingine uani. Mpaka alasiri moja dada akaingia dukani kwake.

"Lete kipikipiki chako. Utaanza upya. Na bisibisi nashika mimi."

Akamfundisha upya kabisa: kupima upepo wa matairi, kubana viwiko, kutazama kona inakoishia badala ya tairi la mbele. Adhabu ilipokwisha, Bwana Dakika alishindana miaka tisa. Miaka tisa, na hakumshinda dada yake hata mara moja.

Je, wivu uliisha? Mjane wake anacheka katikati ya machozi. "Uishe wapi! Wifi akishinda, mume wangu anapiga makofi wa kwanza, huku amenuna."

Asiyekubali kushindwa si mshindani, walisema wahenga. Yeye alikubali kwa shida, lakini alikubali. Dada yake anasema, "Wapo wanaonionea wivu huku wanatabasamu. Kaka yangu aliniambia usoni. Nitampata wapi mwingine?"

Kwa mjane, kwa dada, kwa mama yao mzazi: poleni sana. Mungu awape subira.

Nawe unayenisikiliza, mafanikio ya nani yanakukosesha raha? Usiuache wivu huo ukue gizani. Mimi mwenyewe nina mtangazaji mwenzangu wa kumpigia simu nikitoka hapa studioni.