Tarumbeta la Koridoni

Baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1941, katika nyumba ya tatu nyuma ya stesheni ya reli, mtoto wa nne wa dereva wa treni na mshona nguo. Jina lake mnaliona kwenye jalada la programu hii. Mpiga chapa alisema herufi ni kubwa mno, nikamwambia aongeze.

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa jirani na stesheni, kisha shule ya ufundi, aliyomaliza mwaka 1958. Huko ndiko alikoshika tarumbeta la bendi ya shule, akalipenda kuliko hesabu. Babu alikasirika mpaka akachoka mwenyewe.

Kuanzia 1960 hadi 1996 marehemu alikuwa fundi bomba wa hospitali kuu. Jioni alipuliza tarumbeta katika bendi ya jazi ya watu kumi na wanane. Jumamosi, tarehe 9 Agosti 1969, bendi hiyo ilirekodi santuri ambayo leo wajuzi wanaiita ya kihistoria. Studio ilikuwa chumba kimoja chenye maikrofoni moja, na tarumbeta la Baba liliwafunika wote. Fundi mitambo akawa anamwambia, "Rudi nyuma kidogo, kaka. Tena. Tena kidogo." Akarudi mpaka akatoka mlangoni, akajikuta koridoni, karibu na choo. Fundi akachora mstari wa chaki mbele ya viatu vyake: "Hapo hapo, usisogee." Ile sehemu ya tarumbeta peke yake, ambayo ninyi nyote mnaiimba bafuni, aliipuliza akiwa amesimama hapo. Kisha akaja mpiga picha wa jalada. Hakuna aliyemwita Baba, na yeye, kwa kuwa aliambiwa asisogee, hakusogea! Majina ya nyuma ya jalada yakaandikwa kwa kufuata picha. Yapo kumi na saba.

Alimwoa Mama tarehe 22 Aprili 1972, baada ya usumbufu. Alikuwa amemwambia kwamba yule anayepuliza tarumbeta redioni ni yeye. Mjomba akaleta jalada, akahesabu sura moja moja, akauliza, "Shemeji mtarajiwa, wewe uko wapi hapa?" Ikabidi Baba apulize sebuleni kwa wakwe. Wakakubali upesi, wapate utulivu.

Santuri ilitolewa upya mara tatu, na mara tatu kampuni iliyoitoa ilirudia kosa lile lile. Mimi, binti yake mkubwa, nimeandika barua kumi na moja. Wamejibu moja: marekebisho yanahitaji sahihi ya kiongozi wa bendi. Na kiongozi amekuwa akiniambia "nikipata nafasi, mwanangu" tangu mwaka 2009. Baba alikuwa akisema, "Achana nao, si wanaisikia?" Jamani, mtu unampigania, naye anakwambia keti unywe chai! Nilikuwa nakasirikia kampuni, nikirudi nyumbani namkasirikia yeye.

Mapafu yalianza kumsumbua Novemba 2021. Alilazwa mara nne katika hospitali ile ile, na hata kitandani alilalamikia bomba linalovuja. Siku moja muuguzi alikuwa akisikiliza ule wimbo kwenye simu, nikamwambia mpulizaji ndiye huyu. Akatafuta majina, akanitazama kwa adabu: "Hayumo, dada." Baba alicheka mpaka kikohozi kikamshika. Mimi nilitoka nje nikalia kwa hasira. Alifariki Jumanne, tarehe 4 Juni 2024, saa tatu asubuhi, nimemshika mkono. Siku mbili kabla aliniuliza, kwa mara ya kwanza maishani mwake, "Ile barua, wamesemaje?"

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba na dada mmoja. Katika wanabendi amebaki kiongozi wao peke yake, ambaye amekaa pale mstari wa kwanza, mwenye suti ya kijivu. Shikamoo, mzee wetu. Asante kwa kuja. Karatasi ninayo hapa, imeshaandikwa yote, imebaki sahihi yako tu, na watu wote hawa ni mashahidi.

Baba yetu apumzike kwa amani. Mzee, kalamu hii hapa.