Aliyeniangusha Ndiye Aliyenishika Kichwa

Asalaam aleikum, mama zangu na ndugu zangu. Nimeombwa nisimame mbele yenu, na huku kusimama kwenyewe bado kunanishangaza.

Wengi hapa Likoni mwanijua kwa mieleka, ile ya mtindo huru ambayo waruhusiwa kumshika mwenzio hata miguu. Mama hakuipenda. Alikuwa akiniuliza mwanamke gani huyo wa kugaragazana mbele za watu. Lakini nilipoitwa timu ya taifa, yeye ndiye aliyenishonea kilemba cha kubana nywele.

Tukaenda nchi ya mbali, ya baridi. Nikashinda, nikashinda tena, nikafika nusu fainali. Nikapangiwa dada mmoja mrefu, lugha yake siijui, yangu haijui. Akanikumbatia kiunoni, akanibeba. Nimebebwa mara nyingi, sikuogopa. Ila nilipokuwa juu nilijipinda vibaya, nikatua kwa shingo.

Ndugu zangu, nawaambia, sikusikia maumivu, na hilo ndilo lililonitisha. Mikono yangu naiona pale kwenye zulia, lakini ni kama ya mtu mwingine. Nataka kuisogeza, haisogei.

Mwamuzi akasimamisha pambano. Kocha wangu akaja mbio, akanitia mikono kwapani aninyanyue. Si kwa ubaya, alidhani nimezubaa tu. Yule dada akamsukuma. Akapiga magoti, akanishika kichwa kwa mikono miwili, akawa apiga kelele kwa lugha yao huku machozi yakinidondokea usoni. Hakuniachia mpaka madaktari walipoleta ubao wa kunibebea.

Hospitalini daktari akasema kupitia mkalimani, "Mfupa wa shingo umepasuka. Ungenyanyuliwa pale, usingetembea tena."

 

Kesho yake yule dada akaja kunitazama. Nikamuuliza alijuaje kuwa nisinyanyuliwe. Akasema maneno mawili tu, mkalimani akanigeuzia: "Dadangu alinyanyuliwa."

 Hata mkono wa kumshika sikuwa nao.

Nikarudishwa nyumbani na kola ngumu shingoni. Mama akaninywesha uji kama mtoto, dada wa mazoezi ya viungo akinikunja vidole nami nikilia kwa hasira. Mpaka asubuhi moja mama ameniletea uji, nikanyoosha mkono, nikakipokea kikombe. Halikumwagika hata tone. Mama akakaa chini sakafuni, akajifunika uso kwa leso.

Miguu nayo ikafuata polepole, lakini mashindanoni sikurudi. Sasa nafundisha wasichana, na kabla hawajajifunza kumwangusha mtu, hujifunza kumshika kichwa aliyeanguka.

Namshukuru mama. Namshukuru yule dada wa mazoezi ya viungo, na nyinyi mlionibeba kwenye kiti kupanda feri kwenda hospitali wala hamkuchoka. Na yule wa mbali, Mungu amlipe pale alipo.

Ombi langu ni moja. Mkimwona mtu ameanguka, iwe barabarani, iwe kazini, msimvute mkono. Kaeni naye pale chini, mumuulize kama aisikia miguu yake.