Gunzi la Mwisho la Shamba la Shosho

Vijana wenzangu, na wazazi mlioketi nyuma, mniruhusu nisome. Nikisimama bila daftari langu sauti inaniisha. Sitataja mtu. Anayejijua atajijua.

Tulihamia hapa Kaptembwo baada ya shamba letu la upande wa Gilgil kuuzwa na mtu wa nyumbani, bila shosho, yaani nyanya yangu, kuulizwa. Siku ya kuondoka shosho alifunga kwa leso magunzi matatu ya mavuno ya mwisho. Hakulia. Afadhali angelia.

Sasa, nyuma ya kanisa kuna fundi wa kukereza mbao. Anachukua koni ya msonobari, anaimwagia resini, ile dawa ya maji inayoganda ikawa kama kioo, halafu anaizungusha kwa mashine akiichonga na patasi mpaka ing'ae. Nikawaza, nitamtengenezea shosho kichwa cha mkongojo kwa magunzi yake. Nikafungua leso nikatoa mawili. Sikumwambia. Nilitaka ashtuke na zawadi.

"Ni makavu?" fundi akaniuliza.

"Makavu kabisa."

Ndugu zangu, nilianguka hapo. Kwetu mahindi makavu ni yale hayachomeki tena. Yeye alimaanisha kavu mpaka moyo wa gunzi, kwa sababu resini na unyevu havipatani. Niliona kwa uso wake kuna kitu sijaelewa. Nikaona aibu kuuliza.

Akayamwagia resini, ikaganda, lakini kwa mashine lile bonge likapasuka. Kipande kikamkata fundi kidevuni. Ndani kulikuwa na mapovu matupu, na gunzi laini kama mkate uliolowa.

Nikasema mashine yake ndiyo mbovu.

Akapanguza damu, akazima stima. "Enda nyumbani, injinia."

Sikurudi. Shosho alipouliza nani amefungua leso yake, nikasema ni panya.

"Panya anajua kufunga fundo?"

Wiki nzima nilikuwa namlaani moyoni yule aliyeuza shamba. Lakini hata mimi nilikuwa nimechukua cha shosho bila kumwuliza, nikakimaliza, nikadanganya. Nikamwambia yote.

Akasema, "Kumbe mmefanana." Nawaambia, kiboko ni afadhali.

Halafu akauliza, "Ulipima na chumvi?" Akachukua chupa ya soda, akatia chumvi kavu, akamega kipande cha lile gunzi lililobaki, akatikisa. Chumvi ikanata kwa kioo. "Hili ni bichi. Umekula mahindi yangu miaka yote na hujui?"

Tulilianika juu ya jiko wiki tano, tukipima, mpaka siku chumvi iliteremka yote bila kunata. Ndipo nikaenda kwa fundi kuomba msamaha. Alama iko kidevuni hadi leo. Akasema, "Anza na kile hujui." Nikaanza. Ilichukua asubuhi nzima kuyataja, ndipo akanifundisha kulitengeneza lile gunzi.

Kwa hivyo namshukuru fundi kwa kunifungulia mlango tena, na shosho, ambaye hakuja leo kwa sababu ya magoti. Na wewe unayeogopa kusema "sijui", sema mapema. Mimi nilichelewa kwa magunzi mawili, na hakuna pengine pa kuyatoa.

Aliyeuza shamba bado sijamsamehe. Mniombee, au msiniombee.

Shosho nilipompa mkongojo, alipapasa kile kichwa kwa kidole gumba, shimo moja moja la punje za mahindi.

"Kwa hivyo shamba limebaki hili," akasema. Akausimamisha kando ya mlango, akarudi kuchambua sukuma.