Fundi Eustace na Hema Namba 17

Tarehe 31 Januari 1999, Fundi Eustace Kasogela anastaafu baada ya kulitumikia shirika letu kwa miaka ishirini na minane. Katika miaka hiyo hajachelewa kazini, hajagombana na dereva yeyote, na hajakubali tofali lolote bila kuligonga kwanza. Kamati ya sherehe imenipa mimi, Scola Mabula, mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu wake, eti kwa kuwa ninamjua kuliko wengine. Kumjua ninamjua, lakini sababu hasa ni kwamba daftari la vifaa liko kwangu, na ndani yake kuna mstari mmoja ambao nusura umzuie kustaafu.

Fundi alizaliwa Usevya kwa wakulima wa mpunga, akajifunza uashi misheni. Alianza kwetu mwaka 1971 akiwa kibarua wa kuchanganya zege, na kufikia 1980 alikuwa msimamizi wa ujenzi. Zahanati, nyumba za walimu na vyoo vingi mnavyovitumia kutoka Nsemulwa hadi Mpimbwe ni kazi yake. Kila tofali huligonga kwa kifundo cha kidole, akainamisha kichwa na kusikiliza. Lililoiva, anasema, huitika, bichi hunyamaza. Mwaka 1986 alirudisha lori zima kwenye tanuru kwa sababu ya ukimya. Kwenye harusi ya mwanawe Martin aligonga keki kabla haijakatwa, akatikisa kichwa, na mkewe, Mama Getrude, hajamsamehe hadi leo.

Sasa nije kwenye huo mstari. Mwishoni mwa 1993 vita vya Burundi viliwaleta watu wengi upande wetu, na familia kadhaa zikapewa mahali pa kukaa vilimani, mbele ya Mwese. Shirika letu likaombwa kuwapatia watoto shule. Makao makuu yakatoa agizo kwamba wageni hawa watarudi kwao karibuni, kwa hiyo kisijengwe chochote cha kudumu. Tulipewa kibali cha hema moja la kufundishia. Hema likafika, nikaliandika namba 17, Fundi akasaini kulipokea. Tangu siku ile, kwa karatasi, hema ni lake.

Mvua ya kwanza ililing'oa. Mwalimu Siméon, ambaye naye alikuja na wakimbizi, alilikuta kwenye shamba la mihogo la mtu, ubao ukiwa bado ndani yake. Likarudishwa, likang'oka tena. Ikafika mahali watoto wakiona wingu jeusi wanasimama wenyewe bila kuambiwa, wanakumbatia nguzo, na hesabu zinaendelea kwa mkono mmoja. Februari 1995 nguzo iliwashinda, ikaangukia mkono wa Pelagia, binti wa miaka minane, ukavunjika. Mtoto yule alikuwa ametoka vitani mzima, halafu akaja kuvunjwa na shule. Fundi alimbeba mwenyewe hadi zahanati. Aliporudi Mpanda alikaa stoo kwangu juu ya mifuko ya saruji, akasema hajawahi kujenga choo dhaifu kama ile shule. Iliniuma hata mimi niliyekuwa nimekaa mjini na kalamu yangu.

Mwezi uliofuata hema lilitandazwa kwenye majani lishonwe. Ng'ombe wa Mzee Machibya, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia kule na mifugo mia mbili, wakapita hapo wakati mshonaji amekwenda kula. Walianza na upande wenye jasho la mikono ya watu, kwa ajili ya chumvi, wakamaliza ukuta wa mashariki na sehemu kubwa ya paa. Mzee Machibya ni mtu muungwana. Alikuja mwenyewe, kofia mkononi, akasema achague Fundi fahali yeyote anayemtaka. Fundi akamjibu kuwa fahali hamtaki, anataka miguu. Basi kwa wiki tatu ng'ombe wale wale waliokula shule walizungushwa kwenye shimo la udongo wakiukanyaga, wazazi wakafyatua matofali, wakayachoma, na Fundi akayagonga yote, moja moja. Sijui alilala saa ngapi.

Ugumu ulikuwa vifaa vya dukani, maana kibali kilikuwa cha hema. Fundi si mwongo, na anayebisha amuulize Padre. Alikaa akafikiri, akaleta stoo maombi yenye kichwa cha habari: Matengenezo ya Hema Namba 17. Aliomba saruji ya kukazia vigingi. Nilimuuliza vigingi gani vinakula mifuko tisini, akaniambia upepo wa kule siujui. Mwezi uliofuata aliomba mbao za kuimarisha nguzo, kisha mabati ya kuziba matundu. Nilipoona matundu yamehitaji mabati mia moja na ishirini, nilielewa. Ningeweza kukataa, na kazi yangu ndiyo hiyo. Nilimkumbuka Pelagia na bandeji yake, nikagonga muhuri. Makao makuu nayo yalipitisha kila ombi bila swali, kwa kuwa bajeti ya matengenezo ilikuwapo na ya ujenzi haikuwapo.

Shule ikasimama mwaka 1996, madarasa manne, msingi wa mawe. Machi 1997 akaja mkaguzi kutoka makao makuu kuhakikisha kwamba hema letu bado ni la muda. Wazazi walipopata habari walivua maturubai kwenye nyumba zao wenyewe, wakaifunika shule yote na kuifunga kwa kamba. Siku hiyo nyumba zao zililowa. Mkaguzi alizunguka, akachoka, akaegemea hema ili apumzike, kisha akageuka na kulitazama vizuri. Akauliza kitambaa hiki ni cha wapi. Fundi alimjibu kwamba ni cha hapa hapa vilimani, kizito kidogo, kimekanyagwa na ng'ombe. Hakuna hata neno moja la uongo hapo. Taarifa ya ukaguzi ilisema hema ni imara kupita matarajio, na inashauriwa likunjwe kila likizo ili lidumu.

Tangu hapo tukawa tunapata barua mbili kwa mwaka zikikumbusha kulikunja. Fundi alijibu zote kwa heshima, kwamba suala hilo linaangaliwa ila linahitaji watu wengi zaidi. Mwaka jana makao makuu yalituletea hadi mfuko wa kulihifadhia, wa turubai, wenye mikanda.

Mchezo uliisha Desemba. Ofisa utumishi wetu mpya, Bwana Leonidas, kijana makini sana, aliandaa fomu ya makabidhiano akakuta namba 17. Kanuni ni kwamba mfanyakazi harudi nyumbani na barua yake ya kustaafu mpaka vifaa vyote vya jina lake virudi stoo, na hema lirudi ndani ya mfuko wake. Fundi angeweza kuandika kwamba limepotea, yakaisha. Lakini kifaa kilichopotea hufutwa, na hema likifutwa, walimu wanne na chaki na uji wa watoto vinafutwa nalo, maana vyote vimeandikwa chini yake. Fundi akasema hatasaini. Kama kustaafu ni mpaka shule ile ifutwe, basi yeye hastaafu, ataendelea kuja kazini hata bila mshahara. Mama Getrude, aliyekwisha kufunga mizigo ya Usevya, alikuja ofisini kuuliza mumewe ameiba nini.

Katikati ya Januari Bwana Leonidas akaamua kwenda kulipima mwenyewe, kwa kuwa fomu ina sehemu ya uzito. Alichukua mzani, alichukua mfuko, akanichukua na mimi. Lori lilikwama mara mbili njia ya Mwese, tukamalizia kwa miguu. Tulimkuta Mwalimu Siméon anafundisha. Bwana Leonidas alisimama nyuma ya darasa, mzani mkononi, na mvua ikaanza, ile ya kule, inayokuja na upepo wake. Mimi mwenyewe nilitazama juu. Watoto sitini hawakutazama. Pelagia, sasa ana miaka kumi na miwili, alikuwa anaandika kwa mkono ule ule uliovunjika, hakuinua hata kalamu. Bwana Leonidas aliuweka mzani chini, akangoja mvua ikatike. Kisha akatoa fomu, na kwenye uzito akaandika: Halikupimika, watoto walikuwa ndani.

Akanieleza kwamba bado kuna njia ya tatu. Kifaa kinaweza kuhamishiwa jina la mfanyakazi mwingine, ila huyo naye atadaiwa siku yake ikifika. Nilisaini pale pale, juu ya dawati la mtoto. Mimi nitastaafu mwaka 2019, Mungu akipenda, na siku hiyo mtu atakuja na mfuko kwangu. Aje. Naomba tu nakala ya wasifu huu isipelekwe makao makuu, na ikienda kwa bahati mbaya, ijulikane kwamba nimeandika habari za hema.

Fundi, tunakushukuru, na wazazi wa vilimani wamenituma niseme hivyo kwa niaba yao pia. Nenda Usevya ulime mpunga wako, ule keki zisizogongwa, ulale mvua ikinyesha. Ule mfuko wa hema uko mlangoni, ni zawadi yako. Pelagia ametia ndani tofali moja lililobaki, naye aliligonga kwanza kama ulivyowafundisha watoto wa kule. Anasema limeitika.