Ijumaa Tatu za Kunyamaza

Velma, vuta hicho kiti. Na wewe Eugene, toka hapo mlangoni, leo hauko zamu ya ulinzi na hakuna mtu atakayeniiba. Kaeni wote upande huu, maana jicho la kushoto limeacha kazi bila notisi, na mnisikilize mpaka nimalize, kwa sababu mkinikatiza nitaanza mzaha, na ni mzaha ulionifikisha pabaya. Daktari amesema ukweli: figo zimekwisha na moyo umechoka. Mashine nimekubali itolewe. Msimlaumu mtu.

Mali yangu ni fupi kuliko jina langu. Shamba la Ol Kalou na nyumba yake ya vyumba viwili ni vyenu wote, bila mpaka katikati. Ng'ombe abaki kwa jirani Augustine, kwa kuwa ndiye anayemkama na mimi ng'ombe huyo hanijui hata kwa sura. Koti langu zito mpeni Idrisa, dereva mwenzangu hapa Doha, anayetetemeka kwenye AC ya basi huku nje watu wanaiva.

Sasa lililobaki. Mnajua kwamba mkiwa wadogo nilikaa Ohio miaka miwili, nikiwa dereva wa Waamishi, wale Wakristo wanaovaa nguo za kawaida zisizo na madoido na kukataa kumiliki gari, lakini wakitaka kwenda mbali humlipa mtu kama mimi awapeleke. Mungu alinitoa Nyandarua, kwa wakulima wa viazi wenye mikokoteni ya punda, akanivusha bahari nikaendeshe wakulima wa viazi wenye mikokoteni ya farasi. Nimewachosha kwa hadithi zao, jinsi ghala la mtu lilivyoungua na majirani wakalisimamisha upya kwa siku moja. Hii sikuwahi kuwasimulia.

Abiria wangu mmoja, mzee wa ndevu, alimuuzia jirani yake farasi akijua farasi huyo ana ugonjwa wa mapafu. Jumapili moja baada ya ibada, wageni na watoto tukatolewa nje, na yeye, alivyonieleza mwenyewe njiani, akapiga magoti mbele ya kanisa zima akasema, "Nilijua." Hakuongeza sababu hata moja. Wakamshika mkono wakamwinua. Wiki iliyofuata nilikuwa nampeleka yule jirani kwa daktari wa meno, na mdomo wangu huu ukamchokoza: "Na yule farasi, mzee?" Akanitazama kwa upole. "Farasi gani?" Nilicheka hadi nikaipita kona yetu, nikidhani uzee umemla akili. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba hakuwa amesahau. Kwao, jambo likishaungamwa hivyo, halitajwi tena.

Leo ningepiga magoti, lakini miguu imevimba kama mito ya vitanda kwenye hoteli anakofanya kazi Velma, na huyu muuguzi wetu Faridah atanifokea kwa Kiganda. Chukulieni nimepiga.

Velma, mama yako alipofariki, Eugene alinipigia kutoka nyumbani saa ileile. Wewe ulikuwa bado kwenye ile kazi ya nyumbani kule Al Wakrah, hapa jirani, umebakiza miezi miwili ya mkataba, na mimi nikasema lile tunalolisema sote: aliye ugenini asiambiwe kwanza, atachanganyikiwa. Nikamwambia Eugene anyamaze, nitakwambia mwenyewe, ana kwa ana, Ijumaa, siku ya mapumziko huku, baada ya ibada ya kanisani. Ijumaa ikafika. Ukaja na chapati kwenye foili, unacheka kwa sababu mtoto wa madam amejifunza kusema "habari yako". Nikala chapati tatu, nikakuchekesha mpaka muda wako wa kurudi ukafika. Katikati ya wiki wakazika. Sikupanda ndege, kwa sababu ningeondoka ungeuliza. Nilimzika mke wangu Winfred kwa simu, basi limeegeshwa kando ya jengo moja Lusail, na vijana wa Nepal niliokuwa nikiwapeleka kazini, viti vya nyuma, wakazima muziki wao bila kuombwa. Ijumaa ya pili nikakuchekesha tena. Ya tatu ukaja umeshika picha ya kaburi kwenye simu. Ukaniuliza, "Baba, ulijua?"

Nikasema, "Hata mimi nimejua leo. Eugene ametuficha."

Nilijua, Velma.

Miaka minne hujamsalimia ndugu yako. Nilimwomba aubebe uongo huo siku chache tu, mpaka hasira yako ipoe, akasema, "Sawa, Baba." Akaja Doha, akalala chumba kimoja na watu saba kule Industrial Area, kwenye kambi za wafanyakazi, ukampita kanisani kama mtu anayepita nguzo ya taa, na kila nilipomtazama akasema tena, "Sawa, Baba." Mimi ndiye niliyewahubiria unyenyekevu wa Waamishi kila sikukuu, na aliyeuishi alikuwa amekaa kiti cha nyuma, kimya, bila kofia wala ndevu.

Usinisamehe mimi kwanza, mwanangu. Anayeondoka ni rahisi kumsamehe. Anza na anayebaki.

Nirudisheni nyumbani kwa jeneza la mbao za kawaida, lipigiliwe na majirani, na kaburi lichimbwe na waliokula kwetu. Msichapishe fulana zenye uso huu. Mniweke kando ya mama yenu, kama atakubali. Na kwenye ndege mketi...

Velma? Unaenda wapi? Velma, mama...

Muache, Faridah, usimzuie. Ana haki. Eugene, mfuate. Achia mkono wangu. Hapana, usiseme "sawa, Baba" halafu ubaki hapa. Nimekutumia vibaya miaka minne, leo nikutume vizuri mara moja. Usijitetee, usimguse, tembea tu naye. Nenda. Mimi nina Faridah.

Mungu aliyemlinda mama yenu nilipokuwa mbali... awalinde. Awape meza moja. Awape... watoto wenu wajuane.

Faridah, dada, sogea dirishani. Wametokea huko chini? ... Amesimama? Nani, Velma?

Anamngoja ndugu yake... au anapumzika tu?

Sawa. Usinijibu. Endelea kutazama.