Ni Mvua Njo Ilihama, ao Ni We?

Sophie alipanda minibasi kwenye kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, na magauni yake ya kuuza soko la Tsoka mjini, akajikuta katikati ya ubishi. Kulia alikaa Papa Wilondja, mkulima wa Fizi, Kongo. Kushoto Mama Lucie wa Bukavu, mwimbaji wa kanisa.

"Dunia imebadirika, mama," alisema Wilondja. "Kwetu Fizi, mwezi wa kenda mvua ilikuwa inaanguka. Angalia hapa: mwezi wa kumi na moja, hata tone! Radio ilisema ni moshi ya mausine, ya viwanda."

"We papa! Haiko mvua njo ilihama. Ni we njo ulihama!"

Minibasi nzima ikaangua kicheko. Sophie alijikaza asicheke, akashindwa.

"Unakatala radio?"

"Radio haina shamba. Mi naamini mutu mwenye kubakia fasi moja."

Wilondja akatoa simu kwa madaha ya mtu aliyekwisha shinda. Akampigia mdogo wake Dany, ambaye kwa alivyojua yeye hajawahi kutoka Fizi, akaongeza sauti wote wasikie.

"Dany, ambia bantu: mvua ya Fizi ilianza?"

"Yaya," Dany akamjibu kaka yake, "mi nitajua wapi? Tulikimbia. Tuko mu kambi, Tanzania."

Mama Lucie akaisogelea simu, sauti yake imelainika. "Na huko, mwanangu, mvua iko?"

"Mingi, mama! Hema inavuja yote."

"Umesikia?" wakaambiana wote wawili kwa pamoja, kila mmoja mshindi: papa kwa mvua iliyozidi, mama kwa watu waliohama.

Sophie akatafuta kwa macho mtu aliyekaa mahali pamoja, awaamue. Alikuwapo konda tu, mzaliwa wa hapa, naye Kiswahili hakijui.

"Area 25, tsikani!" akasema kwa Kichewa, wa kushuka washuke, akafungua mlango.